Nani Yuko Juu?

6 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nikikupigia simu anapokea binti yako na kuniambia uko bafuni. Wiki iliyopita ulikuwa bafuni asubuhi, mchana na jioni. Mke wangu anasema huenda umehamia humo. Nimeona nikufuate kwa karatasi, maana barua haibishi hodi mlango wa bafu.

Hapa hatujambo. Mke wangu bado yuko kwenye kitengo cha kufulia nguo hospitalini, na sasa wamempa zamu ya asubuhi, jambo linalomfanya awe mtu mwema kuanzia saa nane mchana. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele na amegoma kuongea na mwalimu mpaka yaote mengine. Paka wa jirani amezalia ndani ya sanduku langu la vifaa, na kwa kuwa silitumii kwa sasa, nimewaachia.

Hilo la sanduku ndilo lililonikalisha niandike. Tangu mwezi wa kumi na moja sijashuka kwenye shimo la lifti. Kulitokea jambo dogo kazini. Sikuumia. Ila tangu siku hiyo nikisimama kwenye mlango wa shimo mikono inakufa ganzi na moyo unakwenda mbio kama nimetoka kupigana. Fundi lifti asiyeshuka shimoni hana kazi ya fundi, kwa hiyo wameniweka stoo. Nagawa balbu na vitufe, na wenzangu wakija dirishani wananiita Mama Duka.

Kampuni imenipeleka kwenye matibabu. Usifikirie kitanda na sindano. Ni programu iliyo kwenye simu, pamoja na bangili inayopima mapigo ya moyo. Kila siku inanipa zoezi. Kwanza nilitazama picha ya mlango wa lifti. Kisha nikasimama mbele ya mlango wenyewe. Sasa naufungua na kutazama chini. Wakati wote huo kuna sauti inayoniambia nivute pumzi vipi na nilegeze mabega lini. Bangili inarekodi, na mtaalamu wa saikolojia anasoma grafu yangu kwenye kompyuta yake kliniki. Mwisho wa mwezi wa sita kuna jaribio: nishuke shimoni nifanye kazi ya kawaida, moyo ubaki chini ya mstari waliouchora. Nikishindwa, nitakuwa Mama Duka mpaka nistaafu.

Sasa, siku ya kwanza nimevaa hedifoni, nimefumba macho kama nilivyoagizwa, na mwanamke akasema kwa upole: "Karibu. Hapa ulipo, uko salama." Nilizivua nikaenda kuchungulia nyuma ya mlango.

Shangazi, ni wewe. Mbona hukutuambia?

Mwanao,
Fundi


27 Februari

Fundi,

Marahaba. Mwambie mkeo bafu langu ni finyu, ukiingiza ndoo inabidi wewe utoke. Kipaza sauti cha simu yangu kimeharibika, na usijitolee kukitengeneza. Nimesoma taarifa ya habari redioni mpaka nikastaafu. Nina haki ya kuwa kimya bila kutoa maelezo. Ujumbe wa simu nao sitaki, ni wa watu wanaouza viwanja.

Binti yangu amerudi kuishi nami. Anasema ni kwa sababu ofisi yake iko karibu, lakini ofisi yake haijasogea. Jirani wa nyuma amejenga ukuta ambao umezuia jua lisifike kwenye kamba yangu ya nguo, na sasa nguo zangu zinakauka kwa hisani yake. Nimemwandikia barua mbili. Ya tatu itakuwa na makali.

Ndiyo, ni mimi. Niliitwa studio moja yenye kuta za sponji, nikapewa kurasa za sentensi fupi. Nilidhani ni zile sauti za benki zinazomwambia mteja asubiri. Kijana aliyekuwa nyuma ya kioo alinisomesha "uko salama" mpaka maneno yakapoteza maana. Alikuwa akisema: "Soma kama unampenda mtu, mama, ila humjui." Nikamwuliza, huyu ninayemwambia yuko salama, salama na nini? Akafikiri, akasema: "Kwa ujumla, mama."

Kwa ujumla. Hapo ndipo ugomvi wangu na hiyo dawa yenu unapoanzia. Mtu anayemwambia mwenzake "uko salama" bila kuona mwenzake amesimama wapi ni mwongo, hata ikitokea kweli mwenzake yuko salama. Leo sentensi ileile anaisikia mwanafunzi anayeogopa mtihani, mjane anayeogopa nyumba tupu, na wewe unayeogopa tani za chuma. Mmoja kati yenu ana haki kabisa ya kuogopa. Programu haijui ni yupi, wala haijauliza. Zamani mwenye hofu aliulizwa: "Umeona nini?" Siku hizi anaambiwa avute pumzi. Tumehama kutoka kwenye swali tukaenda kwenye amri, na tumeziita hatua za maendeleo.

Nami nakuuliza kizamani. "Jambo dogo kazini. Sikuumia." Nimekulea, nazijua sentensi zako fupi. Ulipovunja kioo cha jirani uliandika hivyohivyo kwenye karatasi ukaibandika mlangoni. Jambo gani?

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako mke wangu aliisoma kwa sauti mezani, na kwenye ile sehemu ya ukuta wa jirani akapiga makofi. Binti yetu ameota jino moja na amerudi kuzungumza na mwalimu nusunusu. Watoto wa paka wamefumbua macho.

Nimekusikia kuhusu programu, lakini hapa tutabishana. Wewe unataka sauti inijue ndipo initulize. Breki ya lifti hainijui, haijui kama aliyemo ndani ni mjane au mwanafunzi. Kamba ikilegea inashika. Sijawahi kukisikia chuma kikiuliza "umeona nini". Zoezi la pumzi ni kitu cha aina hiyo. Unatoa pumzi ndefu kuliko uliyoingiza, moyo unapunguza mwendo, basi. Kliniki kuna dereva wa lori aliyekuwa hawezi kuvuka daraja. Sasa anavuka, tena anaimba. Yupo na karani wa mahakama aliyekuwa akitapika kila akiitwa kusoma mbele ya hakimu. Hatapiki tena. Wote wawili wanakusikiliza wewe. Karani ameniuliza kama sauti hiyo ni ya mtu aliye hai. Nimemwambia yuko hai na anagombana na jirani.

Shida iko kwangu tu. Mtaalamu alinionyesha grafu. Mstari unashuka vizuri wakati wa pumzi, unashuka wakati wa mabega, halafu unaruka juu kama umechomwa sindano. Kila siku hivyo. Aliniuliza kwa adabu kama nakunywa kahawa katikati ya zoezi. Nikasema hapana. Akauliza kama navua bangili. Nikasema hapana. Tukasikiliza pamoja, na pale mstari ulipokuwa unaruka, wewe ulikuwa unasema: "Uko salama."

Niliondoka kliniki nikiwaza, na nikiwa stoo nahesabu balbu nikapata jibu. Shangazi, kwako nyumbani ulikuwa unapiga kelele tangu unaamka. "Nani kauacha mlango wazi?" "Nani kaweka sufuria tupu kwenye jiko?" "Wewe, hicho ni kitabu au ni mto?" Tukisikia hivyo tulijua dunia inakwenda sawa, tukaendelea kucheza. Sauti ya redio ulikuja nayo nyumbani mara chache. Uliniita "njoo ukae hapa, baba", taratibu, kama unasoma taarifa, ndipo ukaniambia baba yangu amefariki. Uliitumia tena nilipofeli mtihani wa kuingia sekondari. Na siku walipomgonga yule mbwa. Kwangu mimi sauti yako ikilainika, kuna mtu ameshakufa.

Sasa hiyo ndiyo sauti wanayonitibu nayo. Nimemweleza mtaalamu nusu ya habari, kwamba sauti hii inanikumbusha mtu. Akasema programu ina sauti mbili tu, yako na ya mwanamume mmoja anayesema kama ana mafua.

Ninachoomba ni hiki. Nirekodie wewe mwenyewe, kwa sauti ya nyumbani. Maneno yoyote. Nigombeze kuhusu mlango. Nitasikiliza nikiwa na bangili, tuone mstari utafanya nini.

Mwanao,
Fundi


2 Aprili

Fundi,

Marahaba. Wote wazima. Jirani amejibu barua ya tatu. Anasema ukuta ni wake. Nani alisema ni wangu?

Nimesoma barua yako nikaweka mezani, nikaisoma tena. Nimelea mtoto kwa makelele nikidhani namfunza nidhamu, kumbe nilikuwa namliwaza. Na ule upole wote niliouweka akiba kwa ajili ya habari mbaya, mtoto aliuhifadhi kama king'ora. Watu wenye elimu zao waandike kitabu kuhusu hilo, mimi nina nguo za kuanika kwenye kivuli.

Kurekodi, hapana. Sauti ya nyumbani imestaafu pamoja na ya redio. Usiniulize sababu.

Hukujibu swali langu. Nilikuuliza jambo gani lilitokea, ukanijibu kwa breki, dereva wa lori na karani wa mahakama. Nimehoji mawaziri, najua mtu anavyozunguka. Nauliza tena, na naongeza la pili: ulipokuwa shimoni, nani alikuwa juu?

Shangazi yako


12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa. Niliandika barua mbili nikazichana.

Mke wangu ana mafua, binti bado anasubiri jino la pili. Watoto wa paka wameondoka mmoja baada ya mwingine. Sanduku liko wazi na sijalichukua.

Nilipiga simu tena Jumapili. Binti yako akasema uko bafuni. Lakini nyuma yake nilisikia mtu anagonga kikombe kwa kijiko, tatu, kisimamo, tatu, na binti yako akasema pembeni: "Nakuja, mama." Bafuni mnakunywa chai?

Haya. Jambo lenyewe ni hili. Ni jengo la ofisi, lifti ya zamani. Swichi ya kusimamisha lifti iliyoko chini shimoni ilikuwa mbovu, na kazi yangu ilikuwa kuibadilisha. Swichi hiyo ikiwa mbovu unategemea kuzima umeme juu, kwenye chumba cha mashine, na kuufunga kwa kufuli. Nilizima. Kufuli lilikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa limekwenda kwenye jengo jingine. Nikashuka. Wapangaji wakalalamika lifti haifanyi kazi, mlinzi wa jengo akapanda juu, akaona swichi imezimwa, akaiwasha. Alidhani anasaidia.

Lifti ikaja chini. Shimo limejengwa na nafasi ya fundi kujikunja sakafuni, na lifti haifiki hapo. Hilo nalijua, nimewafundisha wengine. Nililala kifudifudi. Ikasimama juu ya mgongo wangu. Watu wakaingia, ikapanda. Ikarudi. Nilikuwa nagonga chuma kwa spana, lakini kila nikigonga, mlango wa lifti nao unagonga. Kuna mtu alisimama juu yangu analalamika kwamba lifti hii ina kelele na mafundi hawafanyi kazi. Ilikwenda na kurudi mpaka mlinzi akapita na kuona mfuko wangu uko mlangoni bila mtu.

Juu hakukuwa na mtu, Shangazi. Zamani tulikuwa wawili wawili. Sasa kila mmoja na jengo lake. Msimamizi wetu, tunamwita Bwana Kesho, anasema wa pili atapatikana kesho. Si mtu mbaya. Kwenye ripoti aliandika "fundi alipata mshtuko" nami nikatia sahihi, kwa sababu ni kweli nilipata mshtuko. Sikutaka kukuandikia haya kwa kuwa najua utakayoyasema, na nikikosa kazi, hasira yako haitanirudisha shimoni.

Jaribio ni mwisho wa mwezi ujao. Kwenye mazoezi nimefika kwenye ngazi, mguu mmoja. Wa pili unakataa.

Fundi


25 Mei

Fundi,

Marahaba. Salamu zote zimefika, mafua ya mkeo yatibiwe. Hapa mambo ni yaleyale.

Umesema unajua nitakayoyasema, na bado nayasema. Walikuwa na mafundi wawili. Wakaondoa mmoja. Aliyebaki akalaliwa na lifti. Je, walimrudisha yule wa pili? Hapana. Walikununulia sauti. Mtu aliyekuwa anasimama juu anatazama swichi sasa nafasi yake nimeikalia mimi, ndani ya hedifoni, nakwambia uko salama kwa ujumla, na sikuwa najua nimeajiriwa kazi hiyo. Wewe unaambiwa una ugonjwa wa wasiwasi. Una wasiwasi, sikatai, mikono inayokufa ganzi si hadithi. Lakini nusu ya wasiwasi huo ni ugonjwa, na nusu ni akili yako inayofanya kazi vizuri kuliko ya Bwana Kesho. Hiyo programu inataka kuvitibu vyote viwili kwa dozi moja. Ikifaulu sawasawa, utashuka shimoni peke yako, bila kufuli, moyo wako umetulia kabisa. Grafu itakuwa nzuri sana.

Sikwambii uache matibabu. Pumzi vuta. Nakwambia usikubali kutibiwa ile nusu ya pili.

Ndani ya bahasha utakuta kadi ya memori, imefungwa kwenye karatasi ya chokoleti. Nilisema sirekodi, nimerekodi. Usiisikilize nyumbani, isikilize ukiwa mlangoni mwa shimo tu. Na usiniandikie neno lolote kuhusu ubora wa rekodi.

Shangazi yako


1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mke wangu amepona. Jino la pili limeota limekaa upande, binti anajisifu nalo. Sanduku la vifaa nimelisafisha.

Jaribio lilikuwa jana. Tulikuwa watatu kwenye mlango wa shimo, ghorofa ya chini: mimi, Bwana Kesho, na mtaalamu na kompyuta yake ndogo. Umeme ulikuwa umezimwa juu, na safari hii kulikuwa na kufuli. Nilimwambia mtaalamu ukweli wote, kwamba sauti ya programu ni ya shangazi yangu aliyenilea, na nikamwomba nitumie rekodi nyingine. Akasema: "Shangazi yako? Mimi mwenyewe nalala na sauti hii." Kisha akasema kwake ni sawa, yeye anapima moyo, hapimi hedifoni.

Nikawasha. Nayaandika hapa uliyoyasema, kwa sababu nimeyasikiliza tena leo kwenye ngazi za stoo:

"Wewe. Umeme umezima? Umezima mwenyewe au umeambiwa umezimwa? Usinijibu 'nadhani'. Kufuli liko wapi? Ufunguo uko mfuko gani? Gusa mfuko. Umegusa? Nani yuko juu? Sijasikia. Nauliza nani yuko juu, amesimama mbele ya swichi, anatazama swichi, hatazami simu yake. Kama hayupo, toa huo mguu kwenye ngazi. Kama yupo, mwite akuitikie, halafu shuka, usinipotezee muda. Na mlango huo umeuacha wazi kwa ajili ya nani?"

Umeme: nimezima mwenyewe. Ufunguo: mfuko wa kushoto, nikagusa. Nikafika kwenye swali la tatu na mguu ulikuwa ngazini. Nikautoa.

Nikamwuliza Bwana Kesho: "Nani yuko juu?"

Akasema: "Tuko watatu hapa, bwana, unataka umati?"

"Juu. Kwenye chumba cha mashine."

"Kuna kufuli."

"Ufunguo wa akiba anao mlinzi."

"Hilo la mtu wa juu tutalipanga kesho. Leo maliza jaribio, watu wanasubiri lifti yao."

Nikaketi kwenye kizingiti. Nikamwambia nitasubiri hapo mpaka kesho, hakuna neno. Akamgeukia mtaalamu akasema, unaona, amekwepa, andika ameshindwa. Na kweli, kwa kanuni za programu asiyeshuka ameshindwa. Mtaalamu alikuwa akitazama kompyuta yake. Akasema: "Anayekwepa, moyo wake hukimbia. Huyu wa kwake umetulia kuliko siku zote." Akamwuliza, bila ukali wowote: "Utaratibu wenu wa kazi unasemaje, fundi mmoja au wawili?" Bwana Kesho akasema wawili. Akasema kwa sauti ndogo sana.

"Basi si upande juu wewe?" mtaalamu akamwambia.

Lifti ilikuwa imezimwa, Shangazi, na jengo ni refu. Tulimsikia ngazi kwa ngazi, na kila ghorofa alikuwa akisimama kupumua. Nilitaka kumfundisha lile zoezi. Mwishowe ikashuka sauti kwenye shimo, imekatika katikati: "Niko. Juu."

Nikashuka. Sitaki kukudanganya. Nilipogusa sakafu mikono ilikufa ganzi na mstari ukapanda. Nikavuta pumzi kwa namna ya programu, nikatoa ndefu. Nikamwita, akaitikia. Mstari ukashuka. Nikabadilisha swichi niliyopewa, nikamwita tena, akaitikia kwa matusi, nikapanda. Kwa hiyo kama bado tunabishana, dawa yao ilifanya kazi, na yako ilifanya kazi, na sijui nimlipe nani shukrani zaidi.

Mtaalamu ameandika kwamba narudi kazini kwa sharti la kuwa na mwenzangu. Jumatatu natoka stoo. Mwenzangu nimepewa kwa miezi mitatu. Baada ya hapo Bwana Kesho anasema tutaona, na mimi nimemwambia nitaona kutoka kwenye kizingiti.

Sasa. Ulinikataza kuandika kuhusu ubora wa rekodi, na siandiki. Naandika kuhusu koo. Ulichosema nilikitambua kwa maneno. Kama si maneno, ningesema ni mtu mwingine, anayesukuma kabati sakafuni. Kati ya kufuli na ufunguo ulipumzika muda mrefu mpaka nikadhani kadi imeharibika. Kijiko na kikombe nimevielewa. Bafu nimelielewa pia.

Nimechukua ruhusa. Nakuja Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Usinijibu usije.

Mwanao


7 Julai

Fundi,

Marahaba. Sikujibu usije.

Nimefurahi kuhusu Bwana Kesho na ngazi zake. Sehemu hiyo nimeisoma mara kadhaa, kwa afya.

Koo langu lilikuwa na uvimbe. Waliutoa Jumanne iliyopita, na sehemu yake imepelekwa maabara; majibu yanatarajiwa wiki ijayo. Daktari amenikataza kuongea mpaka atakaponiruhusu, na kuhusu sauti itakayorudi, kama itarudi, hasemi. Rekodi yako niliifanya kwa siku kadhaa, sentensi moja asubuhi na moja jioni, binti yangu akaziunganisha. Alitaka kuondoa yale mapumziko. Nilimgongea kikombe.

Kuna jambo utalipenda. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, muuguzi aliona mikono yangu, akanivalisha hedifoni ili nitulie. Huhitaji kuambiwa nani alinikaribisha na kuniambia niko salama. Sikuamini hata neno moja. Lakini pumzi nilivuta, nikatoa ndefu, na mikono ikatulia, kwa hiyo katika hilo la breki umeshinda. Usilitangaze.

Hili la mwisho ni ombi. Tangu nitoke hospitali watu wananisemesha kwa upole. Daktari, binti yangu, mpaka jirani wa ukuta alikuja kuniuliza hali huku ananong'ona. Wewe peke yako ndiye unayejua sauti laini ina maana gani ndani ya nyumba hii. Sifungui mdomo, kwa hiyo siwezi kurekebisha hali mwenyewe.

Jumamosi nitauacha mlango wa mbele wazi, wazi kabisa, mpaka ukutani. Ukifika usibishe hodi. Simama hapo kizingitini uulize nani kauacha, na uulize kwa sauti ambayo jirani ataisikia.

Shangazi yako